Mche wa Sabuni wa Masatu

Haya, vuta kigoda usogee, wewe mwenzangu uliyekula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka ukasahau kuwa ugali huwa mweupe. Nataka nikusimulie mchezo tuliocheza Nyasho, hapa Musoma, miaka ile ambayo ukiingia dukani unakuta rafu na muuzaji tu. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia wananitazama kama nawadanganya, kwa hiyo leo nitaeleza polepole.

Mchezo ulitoka kwenye kitabu. Kaka yangu Sospeter alimaliza kidato cha nne, akawa nyumbani anasubiri majibu, na katika sanduku lake alirudi na kitabu cha Kiingereza alichoachiwa na mwalimu mgeni. Kilikuwa na picha za majoka na watu wenye ndevu, lakini hakikuwa cha hadithi. Kilikuwa cha kuwafundisha watu kutunga hadithi kwa pamoja. Mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja anakuwa shujaa ndani ya hadithi. Msimulizi anasema, "Umefika mtoni, daraja limevunjika. Unafanyaje?" Ukishajibu, unarusha dadu kuona kama umefanikiwa. Dadu yetu Sospeter aliikata kwa wembe kutoka kwenye ndala iliyokwisha. Mengine yote yalikuwa kichwani.

Sasa, Bibi yetu alikuwa anauza karanga mlangoni, na karatasi ya kufungia ilikuwa adimu kama sukari. Siku moja Sospeter akiwa ametumwa kwa shangazi Butiama, Bibi alikiona kitabu juu ya kabati, akachana nusu ya nyuma, akafungia karanga. Sospeter aliporudi nusura alie.

"Nimekuachia nusu yenye picha nzuri," Bibi akamwambia. "Unalalamika nini?"

Sospeter hakuwa amefika huko kusoma, kwa hiyo hatukujua kwamba nusu iliyokwenda na karanga ndiyo iliyokuwa na vitu vyote vya uchawi: mapanga ya moto, pete za kumficha mtu, viatu vya kuruka. Sisi tulidhani shujaa ni mtu anayetoka kwao na alichonacho. Na kwa kuwa kurasa zilizobaki hazikusema abebe nini, Sospeter alituwekea sheria: shujaa wako anabeba kilichopo nyumbani kwenu. Kama kwenu hakuna mafuta ya taa, shujaa wako atapapasa gizani. Shujaa wangu mimi alivaa katambuga za tairi la gari, akabeba mwiko na kipande cha sukari guru, na alikufa mapema sana.

Jirani yangu Wambura, tuliyesoma naye darasa la tano, shujaa wake aliitwa Masatu. Aliandika kwenye karatasi: kamba ya katani, kisu butu, fungu la dagaa, mche mmoja wa sabuni. Hapo tulimrukia.

"Sabuni? Nyie si mnafuliaga kwa majani ya mpapai!"

"Mama anao mmoja, kaufungia sandukuni. Nimeuona kwa macho yangu."

Sospeter akakubali. Shati la Wambura lilikuwa na viraka vya rangi tatu, lakini Masatu wake alikuwa tajiri kuliko sisi wote.

Katikati ya mwaka baba yake Wambura akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda, wakahama. Siku ya kuondoka alinikabidhi ile karatasi. "Rehema, nitunzie Masatu. Asife mpaka nirudi Krismasi." Nikaahidi. Na hiyo haikuwa ahadi ndogo, maana kwenye mchezo wetu aliyekufa hafufuki, na jina lake halitumiki tena.

Kila Jumamosi mchana tukakaa uani kwetu, nami nikawa namvusha Masatu katika hatari moja baada ya nyingine. Kumbe wakati huohuo mambo yanabadilika. Maduka yakaanza kujaa, mitumba ikafika sokoni, na Juma, ambaye baba yake alikuwa na duka mjini, akaja na ndala mpya zinazong'aa. Halafu mwenzake Sospeter wa shuleni, aliyewahi kukisoma kitabu kile chote, akapita kumsalimia, akamweleza yaliyokuwamo kwenye nusu iliyochanwa. Sospeter akatutangazia habari, na kila mtu akajichukulia kitu cha uchawi. Juma alichukua vitatu.

Mimi nilimwacha Masatu kama alivyo. Hakuwa wangu, ningempaje kitu ambacho mwenyewe hajaridhia?

"Huyo atakufa na dagaa mkononi," Juma akanicheka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tulifika kwenye pango la jitu, kwenye miamba ya ziwani kule Suguti. Juma akachomoa panga lake la moto, akarusha dadu, ikaja moja. Panga likaanguka ziwani. Jitu likamruka, likaanza kupanda jabali alikosimama Masatu.

"Linakuja," Sospeter akaniambia. "Unafanyaje?"

Niliisoma karatasi mara mbili. "Masatu anamwagia jabali maji, analipaka sabuni."

"Kiasi gani?"

"Mche wote."

"Mche mzima?" Juma akapiga kelele. "Rehema, una wazimu? Bora afe!"

Hata Sospeter alisita. "Fikiria kwanza. Kipande hakitoshi?"

Bibi, ambaye hakuwahi kuujali mchezo wetu, akaacha kupepeta. "Nani huyo anamaliza sabuni?"

"Si ya kweli, Bibi."

"Hata kama!"

Nilihitaji tatu kwenda juu. Dadu ya ndala ikadunda, ikabingirika hadi chini ya ungo wa Bibi. Akauinua mwenyewe. Nne. Jitu likateleza mpaka majini.

Jumatatu Wambura akashuka kwenye basi la Bunda, akaja moja kwa moja kwetu. Hakusalimia. "Yupo?"

"Yupo."

Akachukua karatasi, akaona mstari niliokata. "Sabuni yake?" Nikamweleza yote. "Ile alikuwa anampelekea mama yake, safari ikiisha."

Sikujua kama Masatu ana mama. Machozi yakanitoka.

"Acha basi, Rehema. Atafika mikono mitupu, lakini atafika. Mama yake atafurahi." Kisha akamgeukia Sospeter. "Kaka, kutoka Suguti mpaka kwa mama yake Butiama, kwa miguu ni siku ngapi?" Akakaa chini, tukaendelea.

Leo kijana wangu anacheza kwenye simu. Shujaa wake ana mapanga arobaini, na hakuna hata moja analolijua limetoka kwa nani. Akifa, kijana anabonyeza kwa kidole, shujaa anaamka, anaendelea bila hata kushtuka. Simlaumu, amezaliwa kwenye vitu vingi, nami niliomba azaliwe hivyo. Ila mara nyingine namtazama, natamani apate japo mtu mmoja wa kubuni wa kumhurumia.

Kwa hiyo Jumapili hii, mkishakula, wakalishe watoto wako sakafuni. Kila mmoja aandike jina la shujaa na vitu vinne vilivyomo ndani ya nyumba yenu leo. Waambie kuna mlango umefungwa, na ng'ambo yake mtu anaita. Halafu nyamaza, uwasikilize.