Mchora Midomo

Kazini walimwita Midomo, ingawa maneno yake ya siku nzima yasingejaza kijiko. Wenzake walichora nyuso na vyombo vya angani. Yeye alichora midomo ikisema, basi. Kipindi cha televisheni walichokichora kilikuwa katuni ya watu wazima: kila wiki hadithi nyingine ya miaka ijayo, watu wengine, sayari nyingine. Kilirushwa baada ya taarifa ya habari, saa ambayo watu huenda kuoga.

Baba yake, aliyekuwa akiishi naye, alitazama hadithi ya kwanza. Mzee alikuwa fundi wa kiwanda cha mbao, na kelele za misumeno zilikuwa zimemwacha kiziwi kabisa. Siku hizi aliwasoma watu midomo, hata majirani wakaogopa kumsengenya kutoka ng'ambo ya barabara. Hadithi haikufika nusu, akazima televisheni.

"Watu wako wanatafuna tu," alisema. "Hawasemi kitu. Hii ndiyo kazi uliyokimbilia ukaacha ufundi wangu?"

Ilimuuma Midomo, na ilimuuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Katuni huwa na midomo michache ile ile, wazi, nusu, imefumbwa, na mwenye masikio wala hajali. Tangu siku hiyo akaanza kuchora kila neno jinsi linavyotoka kinywani. Kazi ikachelewa, mkuu wa studio akamjia juu.

"Kaka, watazamaji wetu wana masikio!"

"Si wote," alijibu, akainamia meza yake tena.

Taabu ya bure, maana mzee alikuwa amesusa. Kipindi kikianza, yeye huyo chumbani. Kisha kikafutwa kwa kukosa watazamaji, ikabaki hadithi moja tu, na kwa Midomo hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya baba yake kuona kazi yake.

Katika hadithi hiyo, fundi kijana anakwama nje ya chombo, redio imekufa, na baba yake yuko ndani, anamtazama kupitia kioo. Mswada ulisema tu: kijana anasema kitu, hasikiki. Ni kitu gani, mwandishi hakujisumbua. Midomo akachora alichotaka, lakini muda ukamwishia, na jibu la baba akalichorea midomo ile ile ya zamani.

Siku iliporushwa, mke wa Midomo alimshika mzee mkono, akamkalisha kitini.

"Baba, leo ni mwisho. Tutazame wote."

Mzee akakaa, amekunja mikono, uso umekunjwa vilevile. Kijana wa kwenye katuni akasogea kiooni. Sauti ikakatika, midomo ikacheza.

"Kasema nini?" mke alimuuliza mumewe.

Midomo aliangalia sakafu. Mzee akakunjua mikono polepole.

"Amesema, 'Baba, umeona sasa?'"

Katika nyumba zote zilizokuwa zikitazama, hakuna mwingine aliyejua. Midomo alifurahi mpaka akaona haya. Kwenye katuni baba akajibu, na mzee akamgeukia mwanawe.

"Nimeona," alisema. "Ila huyo baba yake bado anatafuna."