Gari Jeupe Nje ya Ukumbi

Mnicheke mkitaka, lakini hasira yangu ilikuwa ya haki. Bosi wangu ni profesa hapa Jeddah, na wiki jana aliwapokea wanasayansi wa kaskazini anaoshirikiana nao kuchunguza barafu ya ncha ya dunia. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, sisi madereva tuliruhusiwa kukaa ndani ya ukumbi wa mkutano, viti vya nyuma.

Mama mmoja mgeni akatuonyesha picha za nyumba za wavuvi zilizotitia baada ya ardhi iliyoganda kuyeyuka. Akasema moshi wa magari yetu unachangia. Damu ikanichemka. Alipokaribisha maoni, nilisimama mimi, mshika usukani, nikasema kwa Kiingereza changu chote kwamba wanaoacha injini zikinguruma bure wanyang'anywe leseni. Watu wakapiga makofi. Profesa akatabasamu kama aliyenizaa.

Kabla sijakaa, akaingia Otieno, mlinzi wa mlangoni, ambaye tunaishi naye chumba kimoja mtaa wa Al-Mahjar. Otieno hajui kunong'ona.

"Samahani, kuna gari jeupe linanguruma nje tangu asubuhi. Limefungwa na hakuna mtu ndani."

"Mnaona?" nikawageukia wageni. "Hao ndio ninaowasema."

"Kamau," akasema Otieno, "si hilo ni lako?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ni profesa mwenyewe aliyeniamuru nisizime AC, ili akiingia akute kiti baridi. Nikamtazama anitetee. Alikuwa ameinama chini ya meza, anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.