Unga wa Mizizi na Magoti ya Mama

Hasira yangu ilianzia hospitalini, pale nesi alipomuuliza mama yangu tena na tena kama alikuwa amemeza tembe za maumivu. Mama alikuwa ametapika damu shambani kwake kijijini Hewani, tukamkimbiza hospitali ya Garsen. Ana vidonda vya tumbo, na daktari alishamkataza tembe za viungo, zile za diklofenaki, kwa kuwa huchubua tumbo. Akaapa kwamba hajazigusa. Nesi akanitazama mimi kwa jicho la kusema wazee hawa ni waongo. Nilitaka kumrukia. Mama yangu hadanganyi.

Alichokuwa akitumia ni unga wa mizizi, wa rangi ya kahawia, mchungu, aliouziwa siku ya soko na bwana mmoja mwenye kipaza sauti. Nesi hakuuliza habari za mitishamba, na Mama hakuona sababu ya kuitaja. Magoti yaliyomtesa tangu nikiwa mdogo yalitulia ghafla. Akainama tena kupanda mpunga. Fimbo yake ya kutembelea akampa jirani, akisema yeye hana kazi nayo tena.

Na kwetu dawa ya hospitali hunywewa kwa masharti, lakini ya miti haina kipimo. Mtu hunywa mpaka ajisikie vizuri. Mama aliukoroga kwenye uji, akaukoroga kwenye chai, na msimu wa palizi akaongeza.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na nafuu ya haraka namna ile ilinitia shaka. Nikauchukua unga uliobaki hadi maabara ya shule. Nilikuwa nimetunza vibao vichache vilivyopakwa silika, ule unga mweupe wa kutenganishia kemikali, tangu nikiwa chuoni. Nikachora mstari kwa penseli, maana wino ungepanda pamoja na dawa, kisha nikadondosha matone juu yake: la unga ulioyeyushwa, la aspirini, la parasetamoli, la diklofenaki. Nikasimamisha kibao ndani ya chupa ya jemu yenye kiyeyusho kidogo. Kiyeyusho kinapopanda huzibeba dawa, na kila moja huishia kwenye kimo chake. Nilipokiweka kibao kwenye mvuke wa iodini, madoa yakajitokeza. Unga wa mizizi ulikuwa na doa lililolingana kabisa na la diklofenaki. Nikabadilisha kiyeyusho, nikarudia. Yakalingana tena. Nilitukana peke yangu mle maabarani, matusi ambayo mwanafunzi akiyatamka namtoa nje.

Siku ya soko nilimfuata yule bwana. Hata hakukana. Alizima kipaza sauti chake, akanivuta kando.

"Mwalimu, tembe wanaziogopa," akasema kwa upole. "Mizizi hawaiogopi."

Kwa hiyo alijua. Alijua kwamba mama zetu hunywa miti bila kipimo, na humo ndimo alimozificha tembe zake za kusagwa. Niliripoti kwa afisa wa afya, akaniahidi kulifuatilia, akarudi kwenye simu yake.

Mama alikuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Nilikwenda Hewani na kibao changu, nimejiandaa kwa ubishi mrefu, maana kwao mizizi imetibu watu tangu enzi za bibi yake. Nikamweleza doa moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kidole kutoka doa la unga hadi doa la tembe.

"Kwa hivyo magoti hayakupona?"

"Hayakupona, Mama. Yalinyamazishwa tu."

Akayasugua magoti yake, halafu akanituma kwa jirani nikamwombe ile fimbo. Niliirudisha nikiwa nimeikaza mkononi mpaka vidole vikaniuma, na bahati ya yule bwana ni kwamba siku ya soko ilikuwa bado mbali.