Mbuzi Walibaki, Ng'ombe Wakapotea

Andiko letu lilihusu ngitili, lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga masika ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi mifugo ipate kula. Waandishi tulikuwa watatu: bwana mifugo wa Nkololo, ambaye ni mwanamke ila wafugaji humwita hivyo naye huitika, mwalimu wa jiografia wa hapa Bariadi, mzaliwa wa Tanga, na mimi, mwenye duka la steshenari. Andiko lenyewe tuliliacha bila uzio. Yeyote aliweza kulisoma mtandaoni, kulinakili na kupendekeza masahihisho.

Kazi yangu ilikuwa kulichapisha. Mwanzoni nilifanya kwa mkono: mtu akibadilisha neno, nakusanya sehemu zote, nazipanga, natengeneza PDF, naipandisha mtandaoni. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuhamisha koma asubuhi na kuirudisha mchana. Nikaona nitazeekea kwenye koma. Mambo ya programu nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma maelekezo polepole na kujaribu mstari mmoja mmoja. Nikaandika programu fupi: mtu akihifadhi tu sehemu yake, inasoma orodha ya majina ya mafaili, inayaunganisha na kutoa toleo jipya bila kuniuliza.

Ilikwenda vizuri mpaka bwana mifugo alipoleta faili aliloliita "Ng'ombe wakati wa kiangazi". Programu ikagoma. Kabla sijajua sababu akaleta lingine, "Maji ya ng'ombe", ikaamka na kufanya kazi. Mimi ni mtu wa kuhakiki, lakini siku hiyo dukani kulikuwa na foleni, nikasema ulikuwa mtandao tu.

Ijumaa alasiri bwana mifugo alikuja kuchukua nakala za mkutano wa kijiji.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama yule kwa Kisukuma.

Alikuwa keshafungua nakala ya kwanza.

"Fundi, ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wamo humo."

"Nionyeshe. Mbuzi namwona. Kondoo namwona. Mbuzi amejaza ukurasa mzima. Ng'ombe hana hata mkia!"

Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri mitihani yake, akacheka. "Usukuma bila ng'ombe! Sasa hapa ni Tanga."

"Wewe nyamaza. Kwenu mnafuga nazi." Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Kesho wanaamua kama ngitili ilimwe pamba. Nikisimama pale na karatasi za mbuzi, watasema hata bwana mifugo anajua ng'ombe hawaihitaji. Na kama mmenitoa makusudi, semeni, niondoke."

Nilifungua programu nikaisoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, na yule mama amesimama nyuma ya bega langu. Kosa lilikuwa kwenye kile kialama cha juu katika "ng'".

"Ritifaa," alisema mwalimu.

Programu ilidhani ritifaa ni alama ya kufungulia maneno yaliyonukuliwa, ikawa inameza kila kitu mpaka ikutane na nyingine ya kufungia. Faili la kwanza liliifungulia mdomo, la pili likaufunga. Vyote vya katikati, pamoja na magonjwa ya kupe, viligeuka jina moja refu la faili lisilokuwepo, nayo ikaliruka kimya kimya.

"Kwa leo," nikasema, "hayo mafaili tuyaite tu 'ngombe', bila ritifaa."

"Ngombe ndiyo mnyama gani?" akauliza bwana mifugo.

"Hebu litamke kama unavyotaka kuliandika," akasema mwalimu.

Nikalitamka. Mteja aliyekuwa mlangoni akaniuliza kama jino linaniuma.

"Mfugaji akisoma hivyo," akasema bwana mifugo, "atajua sijawahi kukamua."

Ikabidi niifundishe programu kuchukua kila jina lilivyo, bila kutafuta maana ndani yake. Nikaijaribu kwa "king'ong'o", nikaijaribu kwa kila neno la Kisukuma walilonitajia. Ikayapokea yote. Bwana mifugo hakutaka kuona kioo cha kompyuta, alitaka karatasi. Nikachapa. Akasoma sehemu yake akiwa amesimama, akakuta kakosea mahali kuhusu mashudu, akatoa simu akarekebisha palepale. Mtandaoni toleo jipya likatoka. Kwenye mashine nakala za zamani zilikuwa bado za moto.

"Mayu, usiguse tena! Nitachapa mpaka lini?"

"Si ulisema inajichapisha?"

"Mtandaoni. Karatasi haina habari."

Jumamosi mimi na mwalimu tulikuwa dukani ujumbe wa sauti wa bwana mifugo ulipoingia. Nyuma yake watu walikuwa wakibishana. "Ngitili haitalimwa mwaka huu," alisema. "Ila kuna mfugaji anasema kwenye maji nimekosea. Nimempa simu aandike mwenyewe."

Nikafungua andiko. Maneno ya mfugaji yalikuwa tayari yameshachapishwa, kwa Kisukuma, bila nukta hata moja.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Kwamba ng'ombe wake hunywa kabla jua halijawa kali, na aliyeandika vinginevyo aende akaone kwa macho yake."

"Amemsema bwana mifugo ndani ya sehemu yake mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Na bwana mifugo ndiye aliyehifadhi."