Dalali Aliyeingia Uwanjani na Shali Yake

Saa mbili asubuhi, Jumatano, soko la mifugo la Garissa limejaa hadi vumbi halina pa kutua. Salah Nunow amesimama katikati ya wanaume wawili wasiotazamana. Mmoja ameleta fahali mwekundu kutoka Modogashe. Mwingine anamtaka fahali huyo, lakini macho yake yako mawinguni, kana kwamba alikuja kuuliza habari za mvua.

Salah anateremsha shali yake begani na kufunika nayo mikono yao. Chini ya kitambaa vidole vinabanwa, vinaachwa, vinabanwa tena. Kidole kimoja kina thamani yake, kiganja kizima kina yake. Watu zaidi ya thelathini wamewazunguka na hakuna hata mmoja anayejua bei imefika wapi. Baada ya dakika kama nne muuzaji anacheka kidogo, kwa pua. Fahali ana mwenyewe mpya.

"Bei ya chini ya shali haisemwi," anaeleza Salah huku akipangusa jasho. "Ukikataliwa, umekataliwa na mtu moja. Soko yote haijui. Unaenda nyumbani na heshima yako."

Saa kumi jioni shali hiyo hiyo itakuwa uwanjani, begani mwa kocha msaidizi wa Twiga FC, timu ya Garissa inayocheza ligi ya taifa daraja la kwanza. Kocha huyo ndiye huyu dalali. Jumamosi Twiga wanacheza mechi yao ya mwisho ya msimu huu wa 1996, nyumbani. Wasipopata hata sare, wanashuka daraja, na kiti cha Salah kwenye benchi kinakwenda pamoja nao. Kocha mkuu, Mwalimu Billow, amemwambia hivyo bila kuzunguka.

Sasa, ukitaka kujua timu hii imepitia nini, usiende ofisi ya klabu. Huko utapewa kiti na barua. Nenda kwa Ebla.

Ebla anauza chai ya maziwa ya ngamia nyuma ya goli la kaskazini, katika kibanda cha makuti na mabati ambacho hakijawahi kuonekana kitupu. Wachezaji wanakunywa pale, wazee wanakunywa pale, na anayetaka kujua nani ameposa wapi anakunywa pale pia. Ebla ameona makocha wasaidizi watatu katika misimu miwili, na anawahesabu kama mtu anayehesabu wakwe.

"Wa kwanza, Diriye, alikuwa wa filimbi," anasema, akimimina chai kutoka juu bila kuangalia kikombe. "Askari mstaafu. Aliwakimbiza mpaka mbuzi wangu wakawahurumia."

Chini ya Diriye, Twiga hawakufungwa bao hata moja katika dakika kumi za mwisho. Wapinzani wakichoka, wao ndio kwanza wanaamka. Lakini aliyepoteza mpira mazoezini alizunguka uwanja mara ishirini, kwa hiyo hakuna aliyetaka kukaa nao. Ukimfikia, anaupiga mbali kama kaa la moto. Timu ilikuwa na mapafu, haikuwa na mpira.

Diriye alipoondoka akaletwa Otiato kutoka Nairobi, kijana msomi mwenye ubao mweusi na chaki za rangi. Akawafundisha pasi fupi. Mpira ukatulia. Watu walianza kuja uwanjani mapema ili wapate pa kukaa.

Kisha Otiato akaleta duara. Kila Jumatatu wachezaji waliketi wote pamoja, na kila mmoja alisimama kumwambia mwenzake kosa lake mbele ya wengine. Alikotoka, anasema kila aliyemjua, jambo hilo lilijenga timu. Jumatatu ya tatu, winga Awil akasimama akamwambia kipa kwamba anaruka kama ajuza anayevuka dimbwi. Wenzake wakacheka. Kipa hakucheka.

Alhamisi yake wajomba wa kipa walifika klabuni, watu wazima sita na fimbo zao, kudai haal, yaani malipo ya kufuta fedheha aliyofanyiwa mtoto wao mbele ya watu. Wazee wa pande mbili wakakaa mpaka adhuhuri. Mbuzi akachinjwa. Otiato akala pamoja nao, akashukuru, akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Mazoezi yalianza, lakini kipa hakumpa Awil mpira kwa mechi sita. Awil angesimama peke yake upande wa kushoto, mikono juu kama anayesimamisha lori, na mpira ungeenda kulia.

"Otiato hakuwa mtu mbaya," Ebla anasema. "Alikunywa chai yangu bila kulalamika. Hakuambiwa, na yeye hakuuliza."

Otiato aliporudi Nairobi, Mwalimu Billow alimwendea Salah sokoni. Salah, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alizaliwa upande wa Griftu. Ukame wa 1984 ulimaliza mifugo ya baba yake, naye akaja Garissa na viatu vya mpira na miguu mizuri. Alicheza kiungo mpaka goti lilipokataa, kisha akawa dalali. Siku njema ya soko humwachia shilingi mia tano. Klabu humpa elfu moja mia tano kwa mwezi, mwezi ukikumbukwa.

"Nilikuwa nimechoka na watu wa kusema na timu," anasema Billow, ambaye pia ni mwalimu wa hesabu. "Nilitaka mtu anayejua kusema na mtu mmoja."

Salah alikuja na alichokijua. Baada ya mazoezi humwita mchezaji kando, huketi naye mchangani, hushika mkono wake chini ya shali na kusema naye polepole. Kosa linatajwa, dawa inatajwa, vidole vinabanwa kuwa wamekubaliana. Wanaotazama huona migongo miwili tu. Jambo hilo halitoki pale.

Watu wa chai walicheka wiki mbili nzima. "Waryaa Salah, leo umeuza beki ngapi?" walimpigia kelele. Yeye aliwajibu kuwa wao hata bure hawana mnunuzi. Lakini Twiga walishinda mechi nne kati ya saba, na katika mechi ya pili kipa alimrushia Awil mpira. Uwanja mzima ulishangilia pasi ile kuliko bao lolote.

"Sokoni nauza ng'ombe ya watu," Salah anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Ikinenepa, si yangu. Ikikonda, si yangu. Hawa vijana, wallahi, mtu akipiga krosi vizuri nalala nikiiona. Sijawahi kuwa na kitu kama hiyo tangu mzee wangu apoteze mifugo."

Halafu ikaja mechi ya Thika, Jumamosi mbili zilizopita.

Twiga walisafiri katika msafara wa magari yenye askari, kama kila mtu kwenye barabara ile ya majambazi, wakafika mgongo ukiuma, na bado wakaongoza bao moja kufikia mapumziko. Salah akamwita beki wa kushoto, Hanad, kijana mtulivu wa Eldas ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha katika kikombe cha Ebla. Chini ya shali wakakubaliana: kipindi cha pili Hanad apande mbele, na kila akipanda, Awil abaki nyuma kumlindia.

Akabaki Awil kuambiwa. Lakini Awil alikuwa ametoka kukosa bao la wazi, goli tupu, na alikuwa ameketi taulo usoni. Salah akamtazama akamwacha.

"Mtu ametoka kuzika ngamia yake, humfungulii bei," anasema. "Nikasema apoe kwanza. Refa akapiga filimbi."

Hanad akapanda kama walivyokubaliana. Awil, ambaye hakujua lolote, alibaki mbele kama siku zote. Upande wa kushoto ukabaki wazi kama zizi lililosahauliwa mlango, na wenyeji wakapita hapo mara mbili. Salah alikuwa kwenye mstari, shali mkononi. Hakuwahi kumpigia mchezaji kelele mbele ya watu, na siku hiyo, anakiri, hata alipofungua mdomo hakujua aanze na jina la nani.

Mabao mawili kwa moja.

Swali ambalo mtu wa mbali angeuliza ni jepesi: Hanad aliona mwenzake habaki, kwa nini hakumwambia? Muulize mtu yeyote wa Garissa, atashangaa umeuliza. Lile lilikuwa la chini ya shali. Hanad alidhani Awil ameambiwa na amekataa, na kukataa kwake ni siri yake na kocha. Angemwambiaje uwanjani, watu wakisikia?

Siri hiyo ikaendelea kukaa kimya hata nyumbani, na hapo ndipo ilipoanza kuuma. Jumapili asubuhi kibanda cha Ebla kilikuwa na neno moja tu. Beki aliacha nafasi yake. Beki alipanda bila sababu. Kufikia adhuhuri ilikuwa beki amekula pesa ya Thika. Mtu mmoja alijua hata kiasi.

Jumatatu Hanad hakuja mazoezini. Jumanne mama yake, Rukiyo, aliingia kwa Ebla kununua maziwa, na mazungumzo yakakatika ghafla, kila mtu akaangalia kikombe chake.

"Nilijua kitu ilikuwa ikisemwa," anasema Rukiyo. "Mahali panaponyamaza ukiingia, hapo ndipo ulipokuwa unasemwa. Nikamuuliza mtoto wangu, ulifanya nini Thika? Akaniambia, hooyo, usiniulize. Nikalia."

Salah alikuwa amekaa kona moja ya kibanda. Aliona. Akaweka kikombe chini. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Hanad asingesema maisha yake yote. Kama angesema, angekuwa dalali aliyetoa siri ya shali, na dalali wa namna hiyo sokoni nani angempa mkono?

Akasimama.

"Hanad alipanda kwa sababu mimi nilimwambia," alisema, kwa sauti ambayo Ebla anaapa iliwafikia hata waliokuwa nje. "Nikamwambia Awil atabaki nyuma. Awil sikumwambia. Kosa ni yangu. Mwenye kutafuta aliyekula pesa ya Thika, anitafute mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema haye, haye, kama anayemtuliza mnyama. Rukiyo alichukua maziwa yake akatoka, lakini mlangoni alisimama kidogo, shingo ikiwa imenyooka.

Jioni hiyo hiyo Billow alimwita Salah akampa ile habari ya kushuka daraja na kiti chake. Lakini alimwambia na jambo jingine.

"Nilimwambia kwamba sokoni kuna watu wawili na ng'ombe mmoja," anasema mwalimu. "Hapa kuna watu kumi na mmoja. Diriye aliwapigia wote kelele. Otiato aliwafanya waambiane wote. Wewe ulichomwambia mmoja, mwenzake hakijui. Kila mmoja wenu alinipa nusu ya timu, na mimi ndiye niliyewaacha mnipe nusu."

Hanad alirudi Alhamisi. Siku hiyo kabla ya mazoezi Salah alifanya jambo ambalo watu wa chai walitoka nje kulitazama. Aliivua shali begani, akaikung'uta, akaitandika mchangani, pana yote. Kisha akatoa mfukoni kokwa za tende na kuzipanga juu yake. Kumi na moja.

"Mimi ni gani?" Awil akauliza.

"Hiyo iliyotafunwa vibaya."

"Na kipa?"

"Hii kubwa. Usiiguse, ina wajomba."

Wakacheka wote, na aliyecheka sana ni kipa. Salah hakutaja kosa la mtu. Alisogeza kokwa tu, akaonyesha nafasi inapofunguka, akauliza nani anaiona. Aliyeona alisogeza mwenyewe. Mambo ya mtu na aibu yake, anasema, bado atayasema kando, mkono kwa mkono, maana hayo hayamhusu mwingine. Lakini anayepanda na anayebaki ni mali ya wote.

Ikiwa atakuwa bado benchini msimu ujao, anataka kwenda Nairobi kusomea cheti cha ukocha, na anataka kumtafuta Otiato amuulize vizuri habari za ule ubao. "Nilimcheka," anasema. "Nilikuwa nacheka nikiwa sijui."

Je, anaogopa Jumamosi? Leo sokoni, anasema, alikuwa na wasiwasi zaidi. Ni Jumatano ya pili tangu aseme mbele ya watu, na ile ya kwanza hakuna aliyempa mkono. Leo mwenye fahali wa Modogashe ndiye aliyemwita mwenyewe.

Uwanjani jioni inaingia. Shali imetandikwa, imeshapata doa la chai. Wachezaji wameizunguka wakichuchumaa, na Salah amerudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Hanad ananyoosha kidole na kuisukuma kokwa ya kushoto mbele, taratibu, mpaka karibu na ukingo wa kitambaa.

"Mimi nikienda hapa," anasema, na wote wanamsikia, "nani anabaki?"

Awil tayari ameirudisha ya kwake nyuma.

"Mimi, walaal, ndugu yangu. Lakini uniite."