Fomu Niliyoijaza kwa Fahari

Nilirudi Kampala na diploma ya uhandisi niliyoisomea ughaibuni kwa jasho langu, bila kumwomba mtu. Leo nina karakana Katwe, na nalisema hilo bila haya. Basi mpwa wangu alipoomba nafasi katika chuo cha wanawake ng'ambo, fomu ya msaada wa ada niliijaza mimi.

Mama yake, dada yangu mjane anayeuza vitambaa Kisenyi, alinisihi: "Kaka, andika tu kwamba hatuna."

"Unataka Wazungu watucheke? Mlezi wake si mimi?"

Nikaandika karakana, gari na kiwanja cha Luzira. Mikopo niliyovinunulia sikuitaja.

Chuo kilimkubali. Barua iliisifu insha yake, kisha ikasema msaada hatapata, kwa kuwa mlezi wake anajiweza. Hata ningeuza kila kitu, fedha zisingetosha ada ya mwaka wa pili. Nikawaandikia ukweli. Wakajibu kwamba fedha zilikwisha kugawiwa wengine.

Sasa anapima vitambaa dukani kwa mama yake. Wateja wakimuuliza mbona hakusafiri, hujibu kwamba chuo kilimkataa. Ananisitiri mimi.