Siku Tela Lilipoletwa Nyumbani

Kanuni ya kukataza malori mtaani aliitunga Mwalimu mstaafu mwenyewe, na alijivunia kanuni hiyo kuliko wajukuu zake. Njia ni nyembamba, kuta zinatazamana, na ukuta uliojitokeza kuliko zote ni wake, uliopakwa rangi juzi tu.

Mwanamke aliyenunua kiwanja cha mwisho alikuwa dereva wa tela. Ujana wake wote ulipita barabarani, akilala kwenye kiti cha lori huku mama yake akitunzwa na watu. Sasa mama hajiwezi tena. Binti amejenga ili kila akirudi safari alale karibu naye, na tela lenye mizigo ya watu haliachwi mbali bila mlinzi.

"Kiwanja ni changu, Mwalimu," aliiambia kamati ya mtaa, Mwalimu akiwa mwenyekiti. "Geti nimelipanua makusudi."

"Kiwanja chako, sawa, dada. Njia ni yetu sote. Tela halipiti pale."

"Nipeni mara moja tu. Likigusa ukuta wa mtu, nalipeleka yadi ya malori na siombi tena."

Mwalimu alikubali, akijua fika litakwama.

Jumamosi mtaa mzima ulimwagika nje. Tela likaanza kuingia kinyumenyume, polepole, likajipinda kwenye kona kama mtu anayepita katikati ya waliolala. Mwalimu alisimama ukutani kwake, roho mkononi. Tela liliposimama kidogo, alipenyeza kiganja kati ya bodi ya tela na ukuta. Kilipita kwa taabu. Lo! Hofu ikageuka mshangao. Maisha yake yote hakuwahi kuona mtu akijua kitu kiasi kile.

Tela likaingia getini, injini ikazimwa. Watu walibaki vinywa wazi.

Mjumbe mmoja wa kamati akamnong'oneza, "Huyu anaweza, Mwalimu. Kesho akija asiyeweza, je?"

Swali lilikuwa la haki.

Mama yake dereva alitolewa nje akiwa kwenye kiti chake. Akanyoosha mkono, akalipapasa tairi.

"Kumbe ndilo hili lililonichukulia mwanangu."

"Ndilo, mama. Leo limenirudisha."

Mwalimu alijifuta macho mbele ya watu wote.

"Kanuni inabaki," alisema. "Ila hili linalala hapa, maadamu anaendesha yeye. Anayepinga apande, alitoe mwenyewe."

Hakuna aliyesogea.